Sukari ya mpakani: wazee wetu wasingoje kisukari ndipo mishipa yao iangaliwe

Mjomba wangu ana miaka 71. Alifanya kazi bandarini Kilindini hadi alipostaafu, na tangu hapo siku zake zina utaratibu usiobadilika: nyumbani Mji wa Kale, msikitini, barazani, sokoni Marikiti, kisha nyumbani tena. Mwaka jana tukaanza kuona kwamba njia ya Marikiti imekuwa ndefu kwake. Akitembea kidogo, vigimbi vya miguu vinambana kama vimefungwa kamba. Anasimama penye meza ya mchuuzi wa maembe, anajifanya anachagua, anaulizia bei asiyokusudia kulipa. Baada ya dakika mbili tatu maumivu yanaondoka, naye anaendelea na safari yake.

Nyumbani sote tulisema ni uzee. Wengine walisema ni baridi yabisi, na mke wake akawa anamkanda kila usiku kwa mafuta ya karafuu. Hakuna aliyefikiria mishipa ya damu mpaka tulipompeleka kwa daktari kwa sababu nyingine kabisa, kikohozi kisichoisha. Daktari yule alimvua viatu. Akaweka vidole juu ya wayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu. Kisha akampima presha ya mkono, akampima na ya kifundo cha mguu, akagawanya namba moja kwa nyingine. Kwa mtu mwenye mishipa mizima, presha ya kifundoni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Ikishuka chini ya 0.9, mishipa ya miguu imeziba kiasi. Ya mjomba ilikuwa 0.7.

"Lakini daktari, mimi sina sukari," mjomba alisema, akatoa mfukoni karatasi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma: sukari ya asubuhi kabla ya kula, 6.3. Kwenye kliniki aliyopimwa siku hiyo aliambiwa iko juu kidogo tu, apunguze sukari kwenye chai. Akapunguza kutoka vijiko vinne hadi viwili. Hakuna aliyempima presha siku ile, wala aliyemtazama miguu, wala aliyemwambia arudi lini. Kliniki yenyewe siitaji, kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote kati ya nyingi tulizonazo.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya lile neno "kidogo tu".

Mpakani ni wapi?

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 na kipimo kikarudiwa na kuthibitishwa, hicho ni kisukari. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya 6.1 na 6.9 mtu yuko katika hali ya hatari. Madaktari wa Marekani wanaanza kuhesabu mapema zaidi, kwenye 5.6. Kwa kipimo kile ambacho wengi wetu tunakiita cha miezi mitatu, yaani HbA1c, Wamarekani wanaita asilimia 5.7 hadi 6.4 kuwa hali ya kukaribia kisukari, na 6.5 kwenda juu kuwa kisukari chenyewe. Hapa nitaiita hali hiyo sukari ya mpakani.

Tatizo la neno mpaka ni kwamba humfanya mtu aamini kuwa upande wa huku ni salama. Mishipa ya damu haijui mpaka huo. Mwaka 1980 madaktari wa London walichapisha matokeo ya utafiti wa Whitehall, uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Wale ambao sukari yao baada ya kunywa maji ya glukosi ilipanda kupita wenzao, ingawa hawakuwa na kisukari, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao. Mwaka 1990 watafiti wa San Antonio, Texas, wakaonyesha kwamba watu waliokuja kupata kisukari baadaye walikuwa tayari na presha na mafuta mabaya ya damu kabla hata sukari haijavuka mpaka. Kwa maneno mengine, saa ya moyo ilianza kuhesabu mapema.

Protini zinasema nini

Siku hizi habari kubwa kwenye maabara za nchi zilizoendelea ni protini za damu. Kwa matone machache, mashine moja inaweza kupima protini maelfu, na watafiti wanatafuta zipi kati yake huonyesha kwamba mtu mwenye sukari ya mpakani ameanza kuharibika mishipa. Si mambo ya kubuni, na baadhi ya protini hizo tumezijua kwa miaka mingi.

Anza na hiyo HbA1c. Hemoglobini ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hiyo huishi takriban siku 120. Muda wote huo inaogelea ndani ya sukari, na sukari huganda juu yake. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi, ndivyo inavyoganda zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba sukari haichagui hemoglobini peke yake. Huganda pia kwenye protini zinazojenga kuta za mishipa, na hizo hazibadilishwi kila baada ya miezi minne. Kila aliyewahi kupika kaimati anajua shira inavyokuwa: ikiwa ya moto ni laini, ikipoa inashika na kuwa ngumu. Ukuta wa mshipa unaokaa ndani ya sukari miaka kumi au ishirini hupoteza ulaini wake namna hiyo. Moyo ukisukuma damu, mshipa haunyooki, na presha inapanda.

Ya pili ni ile inayoitwa CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huitoa pale mwili unapopambana na uvimbe, uwe wa kuonekana au wa ndani kwa ndani. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wazee wa Marekani, wenye miaka 65 na zaidi, wale waliokuwa na CRP ya juu walipata kisukari katika miaka mitatu au minne iliyofuata kwa karibu mara mbili ya wale waliokuwa nayo chini. Na CRP hiyo hiyo ikiwa juu kwa muda mrefu huenda sambamba na mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo sukari na mishipa zinaonekana kunywa kisima kimoja: uvimbe wa ndani usiotoa homa wala maumivu.

Lakini hapa lipo jambo lililonifanya nifikiri upya. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio liitwalo CANTOS, la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu. Karibu nusu yao walikuwa na sukari ya mpakani. Walipewa dawa ya kushusha uvimbe bila kugusa kolestroli. Mshtuko wa moyo na kiharusi vilipungua kwa takriban asilimia 15 kwa dozi iliyofanya kazi vizuri. Waliotoka mpakani kuingia kwenye kisukari, hata hivyo, hawakupungua. Dawa yenyewe iliongeza vifo vya maambukizi, kwa hiyo si dawa ya kuiota, ila somo lake ni zito: mishipa inaweza kupata nafuu hata pale sukari isipobadilika njia. Na kinyume chake ni kweli pia. Mishipa inaweza kuharibika hata kwa mtu ambaye sukari yake haitavuka mpaka maisha yake yote.

Wazee wengi hawavuki. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2021 uliwafuatilia wazee kwa takriban miaka mitano. Kati ya waliokuwa na HbA1c ya mpakani, asilimia 9 tu walifika kwenye kisukari. Asilimia 13 walirudi kwenye sukari ya kawaida. Asilimia 19 walifariki kwa sababu mbalimbali. Zitazame namba hizo vizuri. Mzee wa miaka 71 akiambiwa sukari yake iko mpakani, swali la kwanza kwake lisiwe "Nitapata kisukari lini?" Liwe "Mishipa yangu iko vipi leo?" Mjomba alipewa jibu la swali la kwanza, na la pili hakuna aliyemuuliza.

Waliopimwa ni nani?

Kila ninaposoma habari za vipimo hivi vipya, huwa naangalia waliopimwa walikuwa kina nani. Hazina kubwa ya damu kuliko nyingi duniani ni UK Biobank ya Uingereza. Ilisajili watu karibu 500,000 kati ya 2006 na 2010, na mwaka 2023 watafiti walitoa vipimo vya protini karibu 3,000 kwa zaidi ya watu 54,000 miongoni mwao. Kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Lakini wengi mno kati yao ni wenye asili ya Ulaya, na walisajiliwa wakiwa na miaka 40 hadi 69.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza. Ndio uliotuambia kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa sukari, na kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana presha. Umri wa waliohojiwa ulikuwa miaka 18 hadi 69.

Umeona? Kule wameishia 69, na hapa tumeishia 69. Mjomba wangu amekosa kote kuwili kwa miaka miwili. Mzee aliye katika umri wa hatari zaidi ndiye aliyeachwa nje ya hesabu. Na umri hubadilisha maana ya vipimo. Iko protini ya mafuta ya mwili iitwayo adiponektini: kwa watu wa umri wa kati, ikiwa juu ni dalili njema, lakini kwa wazee imeonekana mara nyingi kwenda pamoja na vifo zaidi. Kipimo hakihami kutoka kwa kijana kwenda kwa mzee kikabaki na maana ile ile.

Pwani tuna jambo letu la ziada. Utafiti wa miaka mingi wa KEMRI kule Kilifi umeonyesha kwamba karibu watoto 15 kati ya 100 wamerithi nakala moja ya selimundu. Hao si wagonjwa. Nakala moja huwakinga na malaria kali, ndiyo maana imebaki nyingi kwetu. Watoto hao hukua, huoa na huolewa, na huzeeka. Basi mwaka 2017 ilichapishwa Marekani kwamba Wamarekani weusi wenye nakala moja ya selimundu huonyesha HbA1c iliyo chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Yaani mzee ambaye karatasi yake ingesema 5.9 inaweza kusema 5.6, akaambiwa nenda nyumbani uko sawa. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao ulio mwingi sehemu zenye malaria, hushusha kipimo hicho zaidi, hasa kwa wanaume.

Simaanishi kwamba HbA1c ni uongo. Ni kipimo kizuri. Nasema kwamba pwani hii, mzee asitegemee hicho peke yake. Kiambatane na sukari ya asubuhi kabla ya kula, na namba mbili zikipingana daktari aulize kwa nini.

Yaliyo mikononi mwetu

Huenda siku moja tone la damu litakwenda maabara pale Makadara na kurudi na orodha ya protini mia zinazosema mshipa upi umechoka. Mimi nitaifurahia siku hiyo. Lakini mjomba hakuhitaji protini mia. Alihitaji mtu wa kumvua viatu.

Vipo vipimo ambavyo havingoji maabara ya London. Presha ni cha kwanza. Mapigo ya miguu ni cha pili, na vinavyohitajika ni vidole na dakika moja. Cha tatu ni protini pia, ila haimo kwenye damu bali kwenye mkojo: albumini. Mishipa midogo ya figo ikianza kuvuja, albumini hupita kidogo kidogo, na imethibitishwa kwamba uvujaji huo hutabiri matatizo ya moyo kwa wenye kisukari na kwa wasio nacho. Kijiti cha kawaida cha mkojo hukamata tu inayovuja kwa wingi, kwa hiyo omba kipimo cha kulinganisha albumini na kreatinini. Cha nne ni mafuta ya damu. Mwenye sukari ya mpakani na umri wa miaka 60 kwenda juu aulizie vyote vinne, na asiondoke bila kuambiwa arudi lini.

Viongozi wa kaunti zetu za pwani nao nawaomba mambo mawili. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa, vikiwemo vya presha na sukari. Wanapita milangoni mwetu Likoni, Kisauni, Matuga na Malindi. Wafundishwe kuuliza swali moja zaidi kwa wazee: "Ukitembea, miguu inakubana, ukisimama inaacha?" Anayejibu ndiyo apelekwe kituo cha afya, na karatasi ya vijiti vya mashine isiishe baada ya miezi mitatu mikoba ikabaki mapambo. La pili, uchunguzi wa kitaifa ujao usiishie miaka 69. Kama tunataka kuwahesabu wagonjwa, tuwahesabu pale walipo.

Kwetu majumbani lipo fungu letu pia. Sitaki kuandika makala ya kulaumu mahamri. Nyumba ya Mswahili isiyo na mahamri na mbaazi asubuhi ya Jumapili si nyumba. Lakini chai yenye vijiko vinne mara tano kwa siku, juu yake kaimati, halua na soda ya mgeni, si mila, ni mazoea tu. Babu zetu walikunywa kahawa chungu na tende mbili.

Na kubadilika kunalipa, hata uzeeni. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2002 liliwachukua watu 3,234 wenye sukari ya mpakani. Walioambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, dhidi ya 31 kwa waliomeza metformin. Kwa waliokuwa na miaka 60 kwenda juu, kutembea na kula vizuri kulipunguza kwa asilimia 71. Wazee ndio walioongoza. Na huko Da Qing, Uchina, watu 577 walioanza kufuatiliwa mwaka 1986 wameonyesha baada ya miaka 30 kwamba waliobadilisha chakula na mazoezi walipata matatizo ya moyo na mishipa kwa asilimia 26 chini ya wenzao. Mabadiliko yenyewe yalisimamiwa kwa miaka sita tu. Faida ikaishi miaka thelathini.

Ni lazima nimalize kwa haki. Sukari ya mpakani haikumwangusha mjomba peke yake. Alivuta sigara ujanani mpaka alipokaribia miaka hamsini, na presha yake, ilipopimwa hatimaye, ilikuwa juu. Mambo haya hutembea kwa kundi. Ndiyo maana likionekana moja, mengine yatafutwe siku hiyo hiyo. Wahenga walituambia mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tumedharau mwiba kwa sababu karatasi ilisema ni mdogo.

Sasa mjomba anameza dawa ya presha na ya mafuta ya damu, na daktari amempa agizo lililomshangaza: atembee. Atembee mpaka mguu ubane, apumzike, kisha aendelee, kila siku, kwani mwili ukisukumwa hivyo hujifunza kupitisha damu kwa njia za pembeni. Anaifuata njia ile ile ya Marikiti. Akifika kwa mchuuzi wa maembe hajifanyi tena anachagua. Anavuta kiti, anakaa, anaeleza kwa nini amekaa, na wiki iliyopita alimwambia mchuuzi, naye mtu mzima wa miaka sitini na kitu, avue viatu.